Sura ya Tisa: Shubiri Moja ya Tope

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, Mkaguzi Msaidizi Specioza alikuwa amekaa mbele ya mtu ambaye kituo kizima kilikuwa kimeshamhukumu, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alilala usiku mzima. Hakukumbuka. Feni ya ofisi ilikufa tangu mwezi wa nane na hakuna aliyejishughulisha kuizika, na joto la mwezi wa kumi Mpanda halijali cheo cha mtu.

"Maelezo yako nimeyasoma mara tatu," alisema. "Leo nataka uniambie kwa mdomo."

"Nimechoka kusema, afande."

"Mimi nimechoka kusoma. Tuko sawa."

Mtu huyo aliitwa Dieudonne. Mzaliwa wa Mishamo, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, miaka arobaini na sita, dereva na mwendeshaji wa gari la kunyonya vyoo, lile la bluu linalojulikana kila mtaa kwa harufu kabla halijaonekana. Siku ya Jumanne alinyonya karo la choo la Mzee Gaspar, kata ya Ilembo. Siku ya Alhamisi, ndani ya karo hilohilo, likiwa limefunikwa na mfuniko wake umezibwa kwa saruji, ilitolewa maiti ya Amosi, kibarua wa mtaani. Daktari hakuona jeraha lolote. Aliandika kwamba marehemu alikosa hewa. Mzee Gaspar alieleza kwamba yeye aliondoka saa tano kwenda mjini, akamwacha Dieudonne uani akikusanya vifaa vyake, na aliporudi saa tisa alikuta gari limeondoka na mfuniko umeshazibwa. Mkuu wa upelelezi alisoma ukurasa mmoja na nusu, akasema Jumatatu mtu huyu anapandishwa mahakamani kwa mauaji. Sababu ilikuwa ipo: mwezi wa saba, mbele ya watu, Dieudonne alimzaba Amosi kofi na kumfukuza kazi. Tena ni mtu wa Mishamo, na kuna askari wawili watatu pale kituoni ambao kwao hilo lilikuwa ushahidi tosha. Specioza alikuwa amechoka kuwasikia.

"Ulimpiga Amosi."

"Nilimpiga."

"Kwa nini?"

"Aliingia karoni."

Specioza aliinua macho kwenye faili. Hilo halikuwemo.

"Eleza."

"Kule Misunkumilo. Simu ya mteja ilidondoka ndani. Mimi nimeenda kuzima mashine, nageuka, Amosi simwoni. Yuko chini, hana kamba wala nini. Nikalala kifudifudi, nikamvuta kwa shati. Amefika juu macho yamegeuka yote meupe. Akatapika, akakaa, akacheka. Akaniambia, bosi, simu nimeipata." Dieudonne alifuta uso kwa kiganja. "Ndiyo nikampiga. Nikamwambia hupandi tena gari yangu. Mtu akiingia shimo mara moja akatoka mzima, ataingia tena."

"Mbona hukuyasema haya Alhamisi?"

"Waliniuliza kama nilimpiga. Hawakuniuliza kwa nini."

Specioza aliandika polepole, kwa hasira ambayo hakuwa na nguvu ya kuionyesha. Swali la 'kwa nini' hufundishwa wiki ya kwanza chuoni.

"Mfuniko aliuziba nani?"

"Mimi sijui. Mimi sizibi. Gari yangu haina hata kikombe cha saruji, kaangalieni. Nikimaliza naacha wazi masaa mawili matatu hewa mbaya itoke, naweka matawi juu mtoto asije akadondoka. Kuziba ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake."

"Na mzee mliachana vizuri?"

Kwa mara ya kwanza Dieudonne alitabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea. "Afande, mimi hakuna mteja naachana naye vizuri. Aliniita mwizi. Pale nje, majirani wanasikia."

"Umeiba nini?"

"Tope. Mimi sikombi karo. Nabakiza shubiri moja chini, ile nzito nyeusi. Ni mbegu. Mama zetu wakigandisha maziwa, si wanabakiza kidogo kibuyuni? Ndiyo hivyohivyo. Ukikomba yote, karo linaanza upya, miezi minne linanuka nyumba nzima na linajaa upesi. Lakini mteja akichungulia akaona tope, anasema nimemdhulumu, nimenyonya nusu. Kila siku nagombezwa hivyo. Mzee Gaspar akasema, nimeita gari nataka karo jeupe, sikuita gari lije kuonja."

"Ulijuaje umebakiza shubiri?"

"Nina fito. Iko kwenye gari, upande wa kulia, nyuma ya mpira wa kunyonyea. Ina alama mbili nimechoma na nondo ya moto. Ya chini ndiyo mbegu."

"Na tope hilo halitembei? Likikwanguliwa upande huu, la upande ule halijazi?"

"Lile ni zito, afande. Mpira wenyewe unalikataa mpaka ulikoroge kwa maji. Linakaa pale lilipo."

Specioza alifunga faili.

Nje, kwenye benchi la mbao, alikuwa amekaa mjane wa Amosi. Dina alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili, na ndiye aliyempata mumewe: alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, akaviona viatu vya Amosi kwenye migomba nyuma ya karo la Mzee Gaspar, akapiga kelele mpaka balozi wa nyumba kumi akaja na mtaimbo kufungua mfuniko. Walikuwa wamemzika Amosi jana.

"Mama, umekuja kufanya nini na jua hili?"

"Nimekuja kuuliza kama ni yeye."

"Bado tunachunguza."

"Niambie tu kama ni yeye au siye," Dina alisema bila kupaza sauti. "Nimekesha namlaani mtu, halafu sina uhakika. Inachosha, afande."

Specioza alikaa kando yake, jambo ambalo kanuni haziruhusu wala hazikatazi. Alimwuliza siku ya Jumanne ilikuwaje. Dina alieleza kwamba mumewe alikula nyumbani saa sita, ugali na dagaa, akatoka kwa baiskeli kutafuta kibarua, akasema anapita Ilembo. Baiskeli haikuonekana mpaka leo. Kwa hiyo saa sita Amosi alikuwa hai, na Dieudonne alikwishaondoka kwa Gaspar saa tano. Lakini hilo halikumwokoa: kutoka hapo alihamia kwa Mama Jeniffer, nyumba ya tatu, akanyonya huko mpaka saa nane. Mkuu wa upelelezi alikuwa na jibu lake: mashine hujiendesha yenyewe, mtu anaweza kutembea hatua hamsini, akafanya lake na kurudi.

"Vile viatu," Specioza aliuliza. "Ulivikuta vimekaaje?"

"Vimepangwa."

"Vimepangwaje?"

"Pamoja. Hivi." Dina aliweka viganja vyake viwili sambamba juu ya magoti. "Anavyoviweka mlangoni kwetu."

Specioza aliitazama ile mikono. Mtu anayesukumwa shimoni havui viatu kwanza akavipanga. Askari sita walikuwa wameviona viatu vile, yeye akiwa wa saba, na wote walikuwa wameziba pua badala ya kufungua macho. Alijionea aibu, akainuka kwenda kuchukua fito ya Dieudonne garini.

Koplo Deogratias aliendesha pikipiki. Alibakiza miezi saba astaafu na alikuwa ameomba kazi za mezani, kwa hiyo alikuwa akipelekwa kila mahali. Specioza alikaa nyuma akiwa ameshika fito ndefu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na watu wa sokoni waliwapisha bila kuombwa.

"Afande, Jumatatu faili linaondoka," Deogratias alisema kwa sauti ya juu. "Tungeliacha liondoke."

"Litaondoka. Nataka liondoke na mtu sahihi."

Nyumba ya Mzee Gaspar ilikuwa nzuri kwa mtaa ule: bati jekundu, ukuta wa matofali ya kuchoma, kisima chenye roda uani, na migomba iliyostawi nyuma ya jiko. Gaspar alistaafu reli akiwa mtunza stoo. Kigangoni alikuwa mzee wa kanisa, na watu waliokosana walimfuata awasuluhishe. Alitoka kuwapokea akiwa na shati lililopigwa pasi, na mkewe Suzana akaleta viti chini ya upenu.

"Karibu, mwanangu. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Specioza alinyoosha mkono. Mzee alimpa kifundo cha mkono, namna anavyotoa mtu aliyetoka kunawa au kushika samaki. Specioza alikishika kile kifundo. Kilikuwa kikavu, na hapakuwa na maji wala samaki karibu.

"Mama, Jumanne ulikuwepo?" alimwuliza Suzana.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa msibani Kakese tangu asubuhi. Nimerudi jua linazama."

"Na wewe, mzee, ulikuwa mjini."

"Nilikwenda mjini saa tano."

"Kununua nini?"

"Kutembea tu."

"Ulikutana na nani?"

"Mji una watu wengi."

"Uliona kazi ya Dieudonne kabla hujaondoka?"

"Niliiona. Kazi mbovu. Alibakiza tope. Nilimwambia, na sikumficha." Sauti ilipanda kidogo, ikashuka. "Lakini sikujua kama ni mtu wa kuua. Hilo sikulijua."

"Tope hilo lipo bado?"

Suzana, aliyekuwa akimimina chai, alimtazama mumewe akishangaa swali jepesi vile linakosaje jibu.

"Litakuwepo," Gaspar alisema.

Karo lilikuwa nyuma ya jiko, mfuniko umeegemezwa ukutani tangu Alhamisi, na juu ya tundu palikuwa na bati lililowekewa mawe. Deogratias aliondoa mawe kwa mguu, akavuta bati, akarudi nyuma hatua nyingi kuliko zilizohitajika. Ndani palikuwa na giza na maji kidogo ya kijivu. Kwa macho hapakuonekana kitu, na ndiyo maana hakuna aliyeona kitu.

Specioza alifunga kitambaa puani, akapiga goti, akaiteremsha fito upande wa jikoni. Ilipita majini, ikaingia kwenye kitu laini, ikazama taratibu mpaka ikagota. Aliivuta. Tope jeusi lilikuwa limefika kwenye alama ya chini barabara.

"Andika. Upande wa jiko, shubiri moja."

Aliteremsha upande wa katikati. Hapo palikuwa pamevurugika, nusu shubiri, robo, hovyohovyo. Akahamia upande wa migomba. Fito ilishuka, ikapita majini, ikagonga. Ko. Akaisogeza. Ko. Akaifuata pembe nzima ya ukuta, na kila mahali ilijibu sauti ileile ya saruji tupu.

"Labda ni siku ile tulivyomburuta marehemu," Deogratias alisema kutoka mbali.

"Tulimtolea katikati, kwenye tundu. Katikati ndiko kumevurugika. Huku kumekombwa kwa chepe, Koplo. Kuanzia pembeni, vizuri kabisa, mpaka nusu ya sakafu."

Alisimama, magoti yakimuuma, akazunguka kwenye migomba. Ilikuwa mwisho wa kiangazi na ardhi yote ya Ilembo ilikuwa imekauka na kupasuka, lakini chini ya mashina matatu udongo ulikuwa umetifuliwa na kumwagiwa majivu. Inzi hawakudanganywa na majivu. Deogratias alichimba kwa jembe la nyumba ile, akachimbua lile tope jeusi, akaenda kutapika nyuma ya banda la kuku. Aliporudi alikuwa ameiona baiskeli humo, imefunikwa kwa gunia.

Hapo Specioza alijua, na hakufurahi hata kidogo. Alikuwa ameitegemea furaha ya kupata jibu imsaidie kumaliza siku, na haikuja. Alirudi upenuni. Chai ilikuwa imepoa.

"Mzee," alisema, "nina maneno machache, na kabla hujajibu ujue una haki ya kunyamaza. Nitakayoandika yatasomwa mahakamani."

Gaspar aliitikia kwa kichwa.

"Amosi alivua viatu akavipanga. Kwa hiyo aliingia mwenyewe, kwa kazi. Alianza kukomba ile mbegu kuanzia upande wa migomba, akafika nusu. Tope limezikwa pale. Lakini mtu aliye chini hawezi kujaza ndoo, akapanda, akaivuta, akaimwaga, akashuka tena. Ndoo haijivuti. Nani alikuwa juu?"

Kuku walipita chini ya meza.

"Nionyeshe viganja vyako, mzee."

"Nimekuwa nikitayarisha shamba. Jembe hili..."

"Mimi nimelelewa na jembe. Nionyeshe."

Mzee hakuvitoa. Suzana ndiye aliyesema, taratibu, akiwa bado na birika mkononi. "Baba Fabiani, si uliniambia ni kamba ya kisima? Nilikupaka mafuta Jumanne jioni. Uliniambia ni kamba ya kisima."

Ndipo Gaspar aliifungua mikono yake juu ya meza. Malengelenge ya jembe hukaa kwenye mashina ya vidole. Haya yalikata kiganja katikati, mkono wa kulia na wa kushoto, mstari mmoja mwekundu uliochubuka na kuanza kukauka.

"Alipita na baiskeli, kwenye saa sita na nusu," alisema. "Nikamwuliza kama anaweza kumalizia kazi ya yule. Akasema makaro anayajua, ameyafanyia kazi. Sikumlazimisha, mwanangu. Alishuka akiimba."

"Ndoo ngapi?"

"Kumi na nne. Nilivuta ya kumi na tano, ikaja tupu. Nikamwita. Nikachungulia, nikaona mgongo."

Suzana aliweka birika chini, akakosa meza, likaanguka. Hakuna aliyeliokota.

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa. Nikawaza, mimi ndiye ninayewasuluhisha watu hawa. Watasema Gaspar amemwua mtoto wa mtu kwa ajili ya ndoo za mavi. Nikawaza, ameshakufa. Mtu akishakufa, kuharakisha kwa nini."

"Ulijuaje ameshakufa?"

Gaspar aliinamia viganja vyake. Specioza alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilimchosha. Alikuwa bado na swali moja. Angeweza kutoliuliza, faili lilikuwa limetosha. Lakini kuna mwanamke kwenye benchi la mbao ambaye angeliuliza.

"Wakati huo gari la Dieudonne lilikuwa wapi?"

"Kwa Mama Jeniffer."

"Nyumba ya tatu. Ile mashine ina kelele sana, siyo?"

"Ina kelele."

"Ulikuwa unaisikia?"

Mzee alitazama ukuta wa jirani, kana kwamba bado ilikuwa inalia.

"Nilikuwa naisikia."

"Mwezi wa saba Dieudonne alimtoa mtu huyuhuyu kwenye karo, kwa mikono yake, akiwa hajitambui. Akapona."

"Hilo sikulijua." Alilisema kwa sauti ndogo sana. Kisha akarudia, "Hilo sikulijua, mwanangu."

"Ungemwita, angekuja?"

"Angekuja. Ni mtu wa kuja."

"Kwa nini hukumwita?"

Gaspar aliifunga mikono yake, ikamuuma, akaifungua tena. "Nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya majirani, hata masaa matatu hayajapita. Ningemfuata na uso gani? Nilifika mpaka kwenye ua wa Mama Jeniffer. Nikashika geti. Nikarudi."

"Ukafunika."

"Bado. Nilikaa pale karibu na tundu. Nilingoja mpaka mashine yake ilipozimwa, gari likaondoka. Ndipo nikaanza kuchanganya saruji."

Specioza aliandika kama ilivyosemwa, neno kwa neno, akamsogezea karatasi asaini. Halafu alipiga simu kituoni, akawaambia wamfungulie Dieudonne, na wamwambie Dina asiondoke benchini mpaka yeye afike.